Chungu cha Chini ya Kizingiti

Tangu nirudi kutoka Kimbiji, hakuna mteja aliyeniletea kitambaa bila kuniletea na swali. "Mama Kulwa, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka nikamshonea mtu mkono wa kushoto upande wa kulia. Basi naandika mara moja, msome wote, na anayetaka kubisha aje kubisha siku ya kuchukua gauni lake.

Kwa asiyetujua: mimi ni fundi cherehani, Mnyamwezi wa Sikonge, na ni mpangaji wa Bi Zuhura hapa Segerea. Yeye ni Mzaramo wa Kimbiji. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo tangu nihamie kwake tumekuwa tukitukanana kwa amani. Ananiita mpagazi, namwita mwizi wa chumvi, kisha tunakula pamoja.

Segerea: mkate wa kumimina

Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumsikia Bi Zuhura akisema anakwenda kwao. Nilidhani hana watu. Kumbe anao, na wao ndio waliomfukuza.

Ilikuwa hivi. Zamani, alipoachika, alirudi Kimbiji kwenye nyumba ya marehemu baba yao, akaishi na mdogo wake Shomari na mke wa Shomari, Mwajuma. Mwajuma akawa anashika mimba na kila mimba inatoka. Akaitwa mganga. Mganga akasema chini ya kizingiti cha mlango limezikwa fingo, yaani ile dawa inayofukiwa ardhini kuikinga nyumba au kuiharibu, na kwamba aliyelifukia ni mwanamke wa humo humo ndani. Shomari akachukua jembe akachimba, asione kitu. Mganga hakukosa jibu. Akasema limezama. Na mwanamke mwingine humo ndani alikuwa mmoja tu.

Bi Zuhura akatoka na furushi la nguo. Mwajuma alipofariki, alikatazwa hata kusogelea msiba. Shomari naye akahamia Chamazi, nyumba ikabaki peke yake hadi ikaanguka.

Sasa juzi juzi wakaja Kimbiji wanaakiolojia, watu wanaofukua ardhi wajue walioishi zamani waliishije. Shomari akawaruhusu wachimbe palipokuwa na nyumba. Na chini ya kile kizingiti wakakuta chungu kimefunikwa kifudifudi. Vibarua wakatupa sepetu wakaondoka. Jioni hiyo simu ya Bi Zuhura ikaita, nami nipo hapo hapo namwekea pindo kwenye baibui.

"Zuhura," sauti ya mdogo wake ikasema, hata salamu hakuna, "kitu chako kimeonekana. Njoo ukitoe mwenyewe."

Bi Zuhura akaiweka simu chini taratibu. "Mama Kulwa, kesho utanisindikiza Kimbiji."

"Kufanya nini, bibi? Si watakupiga?"

"Kukiona. Nimesingiziwa kitu ambacho sijawahi kukitia machoni. Angalau nikione."

Akaongeza kwamba hataki kufa akazikwa Segerea na wapangaji. Anataka kulala Kimbiji, karibu na mama yake, na Shomari asiporidhia hatalala huko. Hapo nikaacha kubishana.

Alfajiri nikaamshwa na harufu ya hiliki. Alikuwa ameshapika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, akaukata vipande na kuupanga kwenye hotipoti. Nikamwuliza mkate wote ule wa nani. "Wa njiani," akasema. "Na Shomari anaupenda."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu anayekuita mchawi hali chakula chako. Ila alikuwa anafurahi, nami nikafunga mdomo, jambo ambalo mnajua kwangu si dogo.

Chamazi: timu ya wageni

Tulipanda Noah ya jirani yetu Chande, gari ambalo mlango wake mmoja unafunguliwa kwa nje tu, kwa hiyo kila tukisimama lazima dereva ashuke atutoe kama wafungwa. Buguruni foleni, Mtoni foleni, Rangi Tatu foleni mama. Nilianza kipande cha kwanza cha mkate kabla hatujafika Mbagala. Sikuwa na njaa, nilikuwa na wasiwasi tu.

Kuingia Chamazi tumchukue Shomari, tukakuta barabara imejaa watu, vuvuzela, na pikipiki zenye bendera. Siku ya mechi. Chande akasimamisha gari akakata tamaa. Mara kundi la vijana likatuzunguka, likagonga bati la gari na kuanza kuimba. Nilishika mkoba. Kumbe wanamshangilia Bi Zuhura! Kanga aliyojitanda ilikuwa na rangi za timu ya wageni.

"Bibi wetu huyo! Bibi katoka mbali kaja kutupa sapoti!"

"Waambie siijui hiyo timu," Bi Zuhura akaninong'oneza.

"Ukisema hivyo hatutoki hapa. Punga mkono."

Akapunga. Nyie, alivyopunga! Wakatufungulia njia kwa nyimbo mpaka mtaa wa Shomari, na yeye akipunga kushoto na kulia kama kiongozi wa mwenge. Nadhani hakuwa ameshangiliwa tangu harusi yake.

Kanga hiyo ilikuwa na jina: *Mola ndiye hakimu*. Hakuivaa kwa bahati mbaya. Mzee Shomari alipotoka nje aliisoma, akatazama pembeni.

Ni mzee mrefu, mkavu, goti moja bovu, anatembea na fimbo. Dada mtu ndiye mkubwa, kwa hiyo ilimpasa yeye amwamkie. Hakumwamkia. Tukabaki tumesimama hapo kwenye jua na vuvuzela kwa mbali. Nikaona hapa bila mtani hapaendi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Mnyamwezi. Nimesikia unakaribia kufa, nimekuja kukuzika. Sanda nimeshona mwenyewe, ila nimepunguza urefu, kitambaa kimepanda bei."

Mdomo ukamcheza. Mzaramo gani ataacha kumjibu Mnyamwezi? "Nyie mliotembea kwa miguu toka Tabora na pembe za tembo mabegani, leo mnapanda Noah! Kweli dunia imekwisha."

"Panda na wewe basi, kabla haijaisha."

Akapanda mbele kwa Chande. Mimi na Bi Zuhura nyuma yake. Nikafungua hotipoti nikamnyooshea kipande cha mkate juu ya bega lake. Akauangalia, akajua umetoka kwa nani. "Nimeshiba," akasema. Ikabidi nikile mimi, maana kukirudisha mbele ya macho ya Bi Zuhura kungekuwa vibaya zaidi. Yeye akakaza tu mfuniko.

Kongowe, Kibada, Mwasonga, tope

Mpaka Kibada hakuna la kusimulia. Baada ya hapo ndipo barabara ilipoanza kutukumbusha dhambi zetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mbele ya Mwasonga lori la mchanga lilikuwa limezama hadi ekseli, limeziba njia nzima. Chande akazima gari, akaegemeza kichwa kwenye usukani, akalala. Huyo kijana anaweza kulala popote.

Kando ya barabara alikuwapo mama anayekaanga mihogo. Nikawanunulia wote. Ilikuwa mihogo mitamu ajabu, ya moto, ndani unga mtupu, na chachandu ya ukwaju inayokutoa machozi. Mzee Shomari akala ya kwake amekaa kwenye gogo upande huu, Bi Zuhura akala ya kwake kwenye ndoo iliyopinduliwa upande ule. Yule mama akawatazama, akatikisa kichwa, akaweka mwiko chini.

"Bibi, samahani, mie mwenyewe siyo wa kuingilia ndoa za watu. Ila mzee wako huyo, msamehe. Umri wenyewe huu, mnaanzaje kununiana?"

Bi Zuhura akapaliwa na mhogo. "Siye mume wangu!"

"Ndo anavyosemaga mwanamke akikasirika. Baba, na wewe ongea basi, mwanamke habembelezwi kwa kunyamaza."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba nisicheke. Mzee Shomari akatafuna, akameza, akafuta mikono kwa gazeti. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Yule mama akaomba radhi, akatuongezea mihogo. Bi Zuhura hakula tena. Alikuwa amekamata ule mhogo mkononi anamwangalia mdogo wake, na mimi nikaona uchungu kwelikweli, maana ilibidi mtu baki akosee ndipo yule mzee atamke neno dada.

Lori lilitolewa na trekta mchana umeshasonga. Tukiwa tunasubiri nilikula vipande vingine vya mkate. Msinihesabie.

Kimbiji: uwanja wa baba yao

Nilitarajia kukuta mashimo na vurugu. Nikakuta usafi ambao hata kwangu haupo. Kichaka kimefyekwa, ardhi imegawanywa kwa kamba kuwa miraba, na kila mraba umechimbwa kwa kingo zilizonyooka kama zimepigwa rula. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti humo, kofia ya majani kichwani, anafagia udongo kwa brashi ndogo. Ndiye kiongozi wao, Daktari Atu, Mnyakyusa.

Bi Zuhura aliposhuka na kuona kiwanja cha baba yao, kitu cha kwanza alichofanya ni kukata tawi la majani aanze kufagia. Mwanamke harudi kwao akakuta uchafu akakaa. Daktari Atu akaruka nje ya shimo.

"Shikamoo bibi! Samahani sana, usifagie hapo, bado hatujapasoma."

"Mbona wewe unafagia?"

"Ndiyo kazi yangu, bibi. Nafagia toka asubuhi mpaka jua linazama."

"Basi umeolewa vizuri," Bi Zuhura akasema, na yule daktari akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mzee Shomari naye, aliposikia neno daktari, akapandisha suruali amwonyeshe goti. Akaeleza linavyouma kwenye ngazi na wakati wa baridi. Daktari Atu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa adabu, "Pole sana, mzee. Ila mie natibu waliokufa zamani." Mzee akashusha suruali akasema kumbe ndiyo maana foleni yake fupi.

Kabla ya lile jambo lenyewe, Daktari alitutembeza kidogo, nadhani kwa makusudi, watu wapoe. Akatuonyesha mafiga matatu meusi kwa moshi, yamekaa bado kama mpishi ametoka kuchota maji. Pembeni ya mafiga, miba ya samaki na makombe ya baharini yaliyobanjwa kutolewa nyama, kwa hiyo anajua waliopika hapo walikula nini. Akaniwekea kiganjani kigae cha mviringo chenye tundu katikati, kimechongwa kutoka kwenye chungu kilichovunjika. Nikauliza ni cha nini.

"Kinatiwa kijiti, kinazungushwa, pamba inasokotwa kuwa uzi. Alikuwa fundi kama wewe."

Niseme kweli, nilishindwa kukirudisha mara moja. Miaka yote nashona sikuwahi kufikiri kwamba uzi ulikuwa na mtu aliyeusokota. Huyu alivunja chungu, labda alisonya kama ninavyosonya mimi, akaokota kipande akakifanya kifaa cha kazi. Hakuna aliyeandika jina lake popote, lakini kazi yake nimeishika kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nawaheshimu hawa watu wa brashi.

Ndani ya shimo

Kisha tukafika kwenye kizingiti. Vibarua waliokuwa wamegoma walisimama mbali, mikono kifuani. Shimo lilikuwa la kina cha kiuno, na kwenye ukuta wake, chini, chungu kilichomoza nusu, kifudifudi, nusu nyingine bado imo udongoni.

Mzee Shomari akaelekeza fimbo. "Kile pale. Zuhura, ingia ukitoe. Aliyefukia ndiye afukue."

Nilielewa mtego wenyewe. Akikitoa, ni chake. Akikataa, anaogopa dawa yake, kwa hiyo ni chake. Bi Zuhura alikuwa anakitazama tu kile chungu, na nilimwonea huruma.

"Nitakitoa mimi," nikasema. "Mtani hana mwiko. Nyie Wazaramo fukieni, Wanyamwezi tunabeba, ndiyo kazi yetu."

"Hakuna anayekitoa leo," Daktari Atu akasema. Sauti haikupanda, ila wote tulimsikia. "Mzee, kabla hujasema ni cha nani, naomba tuangalie kwanza kiliingiaje. Angalia huu ukuta."

Akachukua mwiko mdogo wa mwashi, akaanza juu. Huu mweusi ni udongo wa juzi, nyumba ilipoanguka. Huu mwekundu ni sakafu ya nyumba ya baba yenu. Chini yake udongo wa kijivu. Halafu mstari mweupe, mgumu, unene wa vidole viwili.

"Hii ni sakafu ya chokaa ya nyumba nyingine, ya watu wa kale. Inatoka kona ile mpaka kona hii. Chungu kiko chini yake. Sasa mtu akitaka kufukia kitu chini ya sakafu, afanyeje?"

"Aivunje," Mzee akasema.

"Nionyeshe ilipovunjika."

Mzee akainama. Mimi pia nikainama, na hapo sikuhitaji kuelezwa. Nguo iliyofumuliwa hata uishone upya vipi, matundu ya sindano yanabaki. Ule mstari mweupe ulipita juu ya chungu mzima, bila tundu.

"Ila shimo lililochimbwa lipo," Daktari akaendelea. Akachora hewani kwa ncha ya mwiko. Pale juu ya chungu, kwenye sakafu nyekundu, palikuwa pamekatika. Udongo wa humo ulikuwa wa mchanganyiko, mwekundu na kijivu na vipande vya mkaa, unashuka kama bakuli, unakwenda mpaka kwenye mstari mweupe na kuishia hapo. "Mtu alichimba hapa, siyo zamani sana. Alifika kwenye chokaa akadhani ni mwamba, akaacha. Na kuna hiki, tulikikuta kimenasa kwenye chokaa."

Akafungua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma chenye kutu, pembe ya jembe.

Mzee Shomari alikichukua, akakigeuza. Akaiweka fimbo chini. Akateremka shimoni mwenyewe, goti na yote, akapitisha kiganja kwenye lile bakuli la udongo mchanganyiko, akashuka nalo mpaka kwenye ile chokaa.

"Jembe langu," akasema. "Lilivunjika siku ile. Nikasema tumefika mwisho."

"Hapakuwa mwisho, mzee. Na shimo ni moja tu, hili. Hiki chungu kiliwekwa kabla ya sakafu hii kumwagwa. Dada yako alikuwa hajazaliwa. Baba yenu alikuwa hajazaliwa. Hata babu yake."

"Kimewekwa na nani? Cha nini?"

"Sijui," Daktari Atu akasema. "Huenda ndani yake kumesalia kitu cha kutuambia, huenda hakuna kitu. Nisichokijua sikisemi."

Nilimpenda sana kwa neno hilo. Yule mganga alijua kila kitu bila kuona kitu. Huyu aliona kila kitu na bado akasema sijui.

Mzee alibaki amesimama mle ndani, kichwa chini, mbele ya miguu ya dada yake. Kisha akamwinulia macho. "Dada. Shikamoo."

Bi Zuhura hakuitikia upesi. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kanga naye hayafuti. "Hawa wageni," akasema, "wamekuja wakauliza udongo. Mie nilikuwa mzima, Shomari, nina mdomo. Hukuniuliza hata siku moja."

"Sikukuuliza."

"Mwajuma nilimpenda. Nilimkanda mie, kila mara. Hata kumzika hukuniacha."

"Nisamehe, dada. Nisamehe."

Akalia, mzee mzima, ndani ya shimo, mbele ya vibarua. Hakuna aliyecheka, hata mimi mtani. Mwisho Bi Zuhura akajipangusa kwa pindo la kanga.

"Marahaba. Haya, toka humo, utalimaliza hilo goti."

Akamnyooshea mkono. Tukamvuta watatu, yeye, mimi na Daktari. Mzee akakung'uta suruali, akawageukia vibarua akawaambia warudi kazini, hicho ni chungu cha watu wa kale na hakina neno na mtu. Wakaja mmoja mmoja, wakaokota sepetu.

Kurudi

Kabla ya kuondoka walikwenda wawili makaburini kwa wazee wao na kwa Mwajuma. Mimi na Chande tukawasubiri garini, hata yeye hakulala.

Kupanda gari, Mzee Shomari hakwenda mbele. Alikaa nyuma na dada yake, mimi nikahamishiwa kwa dereva. Tukapita tena Mwasonga. Yule mama wa mihogo aliwaona wamekaa pamoja, akapiga vigelegele, hakuna aliyemsahihisha.

Karibu na Kibada nikasikia nyuma yangu, "Dada, ule mkate ulibaki?"

Nyie wenzangu! Nilikuwa nimekula siku nzima. Hotipoti ikafunguliwa, nikageuka kutazama. Kulikuwa na kipande kimoja, cha pembeni, kimekauka na kupinda.

Mzee akakitoa kwa mkono wake, akasema bismillahi, akauma. Bi Zuhura alikuwa anamwangalia kinywani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akatafuna polepole. Akameza.

"Hiliki umezidisha," akasema.

"Ndivyo alivyopika mama."

"Ndiyo," Mzee Shomari akasema, akauma tena. "Ndivyo alivyopika."